Wasomaji wanauliza: PSP Go ilikwama wapi?

Toleo lililopita tuliitaja kidogo PSP Go, ile PSP (mashine ya gemu ya mkononi) ndogo ya kuslaidi ambayo Sony waliitoa mwaka 2009 ikadoda sokoni, basi meseji zimekuja nyingi mpaka tumeamua safu nzima ya leo iwe yake.

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi niko Tanga, binamu yangu alirudi kutoka Uingereza akaniachia PSP Go nyeusi. Kwa kweli ni nzuri, nyepesi, ukisukuma kioo na kidole gumba kinapanda juu vibonye vinatokea chini yake, kila rafiki yangu akiiona anataka kuishika. Sasa nikisoma habari zake naona watu wanasema hii ndo PSP iliyofeli kuliko zote. Kitu kizuri hivi kinafelije, wakati zile kubwa zenye diski ziliuzwa kila kona? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera, hicho ulichopewa kuna watu wanakitafuta sana sasa hivi. Nakubaliana na wewe kabisa, mashine yenyewe haikuwa mbovu na hapa ndo wengi wanapopotea, wanadhani kitu kikikosa wanunuzi basi lazima kilikuwa kibovu. Go ina gramu 158 tu wakati PSP-3000, ile kubwa ya diski iliyokuwa sokoni wakati huohuo, ilikuwa na gramu 189, ina memori ya ndani ya GB 16, ina Bluetooth, na ina kile kitu cha kusimamisha gemu katikati, yaani unatoka unaenda kwenye menyu unafanya mambo yako halafu unarudi palepale ulipoachia, PSP za kabla yake hazikuwa nacho. Ukiifunga bila kuizima kioo kinakuonyesha saa na kalenda. Waliobuni umbo lile walifanya kazi nzuri sana na mimi nitawatetea popote.

Kilichoiua ni kile kitu kilichotolewa, na bei waliyoiweka baada ya kukitoa.

Tangu PSP ya kwanza itoke Japani Desemba 2004 gemu zake zilikuwa kwenye kidiski kinaitwa UMD, kimefungwa ndani ya kava la plastiki, kinabeba mpaka GB 1.8. Malalamiko yalikuwepo, kwamba kinakula chaji, kwamba kinachelewa kufungua gemu, kwamba ukicheza usiku pakiwa kimya unasikia kinavyozunguka humo ndani. Kwa hiyo Sony walipoonyesha PSP Go kwenye maonyesho ya gemu ya E3 kule Los Angeles, Juni 2009, haina sehemu ya diski kabisa, gemu zote unanunua PlayStation Store, duka la mtandaoni la Sony, unashusha kwa intaneti, wazo lenyewe halikuwa la ajabu.

Ila sasa mfikirie yule mtu waliyetaka anunue. Yuko Marekani au Ujerumani huko, ana PSP tangu 2005, ana diski zake kumi au ishirini kwenye droo na nyingi kazinunua dola 30 au 40 kila moja. Anaambiwa njoo uchukue mashine mpya, halafu akiigeuza huku na huku hakuna pa kuingiza hata diski moja. Zile hela zote alizoweka kwenye gemu kwa miaka minne zinabaki droo. Sony walikuwa wanaangalia mpango wa kuwabadilishia watu diski zao ziwe gemu za kushusha, watu wakasubiri kwa hamu, halafu Septemba 2009, mashine iko mlangoni kuingia madukani, wakasema mpango huo hautakuwepo kwa sababu za kisheria na za kiufundi. Ulaya walitoa ofa ya gemu 3 za bure kwa wenye PSP ya zamani wanaohamia Go. Gemu 3, kwa mtu mwenye diski ishirini!

Halafu ndo ije bei. Tarehe 1 Oktoba 2009 Go iliingia madukani Marekani kwa dola 249.99, Ulaya euro 249, na pembeni yake kwenye kabati hilohilo imekaa PSP-3000 kwa dola 169.99. Tofauti ya dola 80, na ile ya bei nafuu ndo yenye kioo kikubwa, inchi 4.3 dhidi ya inchi 3.8 za Go, ndo inayosoma diski, na ndo ambayo betri ikichoka unafungua mfuniko nyuma unaweka nyingine. Gemu zinazocheza humo ni zilezile na picha ni ileile, hakuna hata gemu moja kubwa unayoweza kusema hii mpaka uwe na Go. Japani ilikuwa hivyohivyo, Go ilifika 1 Novemba kwa yen 26,800 wakati PSP-3000 ilikuwa imeshushwa mpaka yen 16,800. Ni kama fundi cherehani akupunguzie kitambaa halafu akuongezee bei, hata kama mshono ni mzuri kiasi gani utauliza kwa nini.

Na vitu vidogovidogo navyo vikazidi kuudhi. Memori kadi ya PSP ya zamani haiingii kwenye Go, inataka ile ndogo zaidi inaitwa M2 (waliowahi kuwa na simu za Sony Ericsson wataikumbuka). Chaja ya zamani haiingii. Waya wa USB uliokuwa nao hauingii, Go ina tundu lake la peke yake pale chini na waya wake ni wa peke yake. Kwa hiyo mtu anayetoka PSP kwenda PSP anahama kama mgeni, hana anachobeba.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naona ndo zito kuliko yote na halisemwi vya kutosha. Diski ni mali yako. Ukimaliza gemu unamwazima rafiki, unabadilishana na jirani, au unaipeleka dukani unapewa punguzo kwenye gemu nyingine, na kule Marekani na Uingereza maduka ya gemu yaliishi kwa biashara hiyo ya diski zilizotumika, faida yao kubwa ilikuwa pale na sio kwenye mashine mpya. Mpe muuza duka PSP Go auze uone, anapata kile kidogo cha siku ya kwanza basi, mteja hatarudi tena kununua gemu wala kuuza ya zamani, kila senti inayofuata inaenda Sony moja kwa moja. Duka moja la gemu Uholanzi lilitangaza wazi kwamba halitaiuza kabisa. Na hata walioiuza, wewe ukiingia dukani unamuuliza kijana wa pale nichukue ipi kati ya hizi mbili, unadhani atakushauri ile isiyomlipa?

Kwa mnunuzi nako ni hivyohivyo. Diski ikikaa dukani miezi sita inashuka bei, ikishatumika inapatikana nusu bei, maduka yanagombania wateja. Kwa Go duka ni moja tu duniani, na mwenye duka ndo mwenye mashine, kwa hiyo gemu nyingi zilikuwa bei ileile ya diski mpya na nyingine juu ya ile ambayo maduka yalikuwa yanauzia. Umeondoa diski, kava, boksi, lori la kusambaza na faida ya muuza duka, lakini mnunuzi hakuona hata dola 10 ikirudi kwake. Mimi hilo naliona ni dhuluma kwa mteja na nadhani wateja wenyewe waliliona mapema.

Cha mwisho, hata hizo gemu zenyewe hazikuwa zote. Crisis Core, ile hadithi ya kabla ya Final Fantasy VII ambayo ni moja ya gemu zilizowafanya watu wanunue PSP, haikuwahi kuwekwa kwenye Store, na Kingdom Hearts Birth by Sleep iliyotoka 2010 Go ikiwa tayari sokoni nayo ikatoka kwa diski tu. Umelipa bei ya juu kuliko wote halafu gemu inayozungumzwa mwaka mzima huna namna ya kuicheza.

Kuanzia hapo ikawa kuteremka tu. Katikati ya 2010 Uingereza na kwingineko wakaanza kuigawia gemu 10 za bure, Oktoba 2010 bei ikakatwa Marekani mpaka dola 199.99 na Japani mpaka yen 16,800, na Aprili 2011 Sony wakasema uzalishaji unasimamishwa. Mwezi huohuo mtandao wa PlayStation ukavamiwa, ukazimwa kuanzia tarehe 20, taarifa za akaunti kama milioni 77 zikawa hatarini, na kwa wiki zaidi ya tatu mwenye Go hakuwa na pa kununulia gemu popote, wakati mwenzake wa diski anaingia dukani kama kawaida. Na mwezi wa nane Sony wakatangaza PSP nyingine kwa Ulaya, E1000, ya euro 99, ikiwa na sehemu ya UMD na HAINA wifi. Yaani walirudisha kile walichokitoa na wakatoa kile ambacho Go ilikitegemea. Sidhani kuna jibu la swali lako lililo wazi kuliko hilo, na limetoka kwao wenyewe.

SWALI: Assalaam aleikum ndugu mhariri. Mbona mwazunguka sana na bei na diski, sababu si ni gemu za kuiba? Sisi hapa Mombasa PSP tulizijua kwa mafundi, wapeleka memori kadi yajazwa gemu, hakuna mtu alinunua diski. Watu walikuwa wataka PSP ya kuwekewa gemu, hiyo Go haikuwekeka. – Msomaji, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Unalosema kuhusu Mombasa ni kweli na ndivyo ilivyokuwa Dar na Nairobi pia, PSP ilifungwa programu iliyochezewa, fundi anakujazia gemu kwenye memori kadi unaondoka. Na wizi huo uliwaumiza kweli watengenezaji, wengi wa Marekani na Ulaya waliacha kutengeneza gemu za PSP mapema, na sina shaka kwamba Sony walivyoona soko lile walitamani mashine ambayo kila gemu inapita mkononi mwao.

Lakini hebu liangalie soko la Go lilikuwa wapi. Ilitengenezwa kwa ajili ya Marekani, Ulaya na Japani, kwa watu wenye kadi za benki na akaunti za PlayStation, na hao waliokuwa wananunua gemu kihalali kwa miaka ndo walioikataa. Mwenye kuiba hakuwa na shida, PSP yake ya matoleo ya mwanzo, 1000 au 2000, ilikuwa inamtosha. Aliyefungiwa mlango ni yule mteja mwaminifu mwenye diski zake kwenye droo.

Kwa huku kwetu kulikuwa na tatizo kubwa zaidi ya fundi kushindwa kuijaza mwanzoni. PlayStation Store haikufunguliwa kwa Kenya wala Tanzania, ukitaka akaunti ilibidi ujiandikishe kama uko Uingereza au Marekani halafu utafute kadi ya malipo ya huko. Sasa mashine isiyo na diski, mahali pasipo na duka la mtandaoni, na intaneti ya 2009 ya kununua kwa MB, mtu alikuwa acheze nini? PSP kubwa angalau unaletewa diski na ndugu akitoka Dubai. Hilo naomba watengenezaji walifikirie hata leo, kwa sababu bado kuna vitu vinauzwa kama vile dunia nzima ina duka lilelile na kadi ileile.

SWALI: Sasa mhariri, mimi niko Nairobi na naona mnaionea Sony. Leo kila mtu anashusha gemu, PC, simu, mpaka PS5 iko isiyo na diski. Si ina maana Go ilikuwa tu imekuja mapema? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Hii nimeisikia sana na siikubali. Kushusha gemu hakukuwa kitu cha kesho mwaka 2009. App Store ya Apple ilifunguliwa Julai 2008, mwaka mzima na zaidi kabla ya Go, na watu walikuwa wananunua gemu kwa dola 1 au 5 bila kuuliza diski iko wapi, kwenye PC nako duka la gemu la Steam lilikuwa na wateja wake miaka mingi. Watu walishakubali. Walikubali kwa sababu walipewa kitu badala ya kile kilichoondolewa, gemu rahisi, punguzo kubwa, au kifaa ambacho tayari wako nacho mfukoni.

Angalia hiyo PS5 uliyoitaja. Ilipotoka Novemba 2020 yenye diski ilikuwa dola 499 na isiyo na diski dola 399, kwa hiyo anayekubali kuacha diski analipwa dola 100 hapohapo kaunta. Go ilifanya kinyume, ukiacha diski unaongeza 80. Mabadiliko ni yaleyale ila masharti tofauti, ndo maana moja iliuzika na nyingine haikuuzika. Nyongeza ya hapo, wifi ya Go ni ya zamani, aina ya 802.11b yenye kasi ya Mbps 11 kwenye makaratasi na kwenye matumizi inapungua sana, gemu ya GB 1 ilikuwa kazi ya kuweka unaenda kula, wengi waliishia kushushia kwenye kompyuta au PS3 kisha wanahamisha kwa waya. Waliweka pia gemu ndogondogo zinaitwa minis, za chini ya MB 100, zilianza siku moja na Go, lakini nyingi zilikuwa zinafanana na zile ambazo mwenye iPhone anazipata kwa bei ya chini.

Na kuna hili linaniuma hasa. Machi 2021 Sony walitangaza kufunga duka la PS3 na Vita (mrithi wa PSP), pamoja na huduma ya kununua iliyokuwa imebaki kwenye PSP, wachezaji wakapiga kelele, mwezi uliofuata wakabadili mawazo kwa PS3 na Vita lakini huduma ya kununua kwenye PSP ikafungwa tarehe 2 Julai 2021 kama walivyosema. Diski ya 2005 ukiipata leo kwenye kapu la mtumba unaiweka kwenye PSP inacheza. Mwenye Go hawezi tena kununua chochote kupitia mashine yake. Watu waliosita mwaka 2009 walikuwa na sababu ya kusita, usiwaite waoga wa mabadiliko.

SWALI: Kaka, ni Sony tu waliowahi kufanya hivi au na Nintendo? – Msomaji, Bukoba

JIBU: Na Nintendo wamo. Game Boy Micro, Septemba 2005, dola 99, ndogo ya kuingia mfuko wa shati, gramu 80, kioo chake cha inchi 2 kilikuwa kinang'aa vizuri mno. Lakini ilikataa katriji (vile vipande vya gemu vya kuchomeka) za Game Boy za zamani ambazo Game Boy Advance SP ilizikubali, na SP ilikuwa bei ya chini, halafu Nintendo DS ilikuwa tayari sokoni inachukua macho yote. Ikauza milioni 2.42, wakati SP peke yake ilipita milioni 43.

Ila Nintendo walijifunza haraka. DS Lite ya 2006 ilikuwa ndogo zaidi, vioo vinang'aa zaidi, inapokea katriji zote ambazo DS ya kwanza inapokea, na Marekani bei ilikuwa dola 129.99 ileile ya DS ya zamani. Hiyo iliuza zaidi ya milioni 93. Mimi nikiulizwa ukarabati wa mashine ya gemu unatakiwa uweje naitaja hiyo.

SWALI: Asalaam aleikum, mimi nipo Muscat, kuna jamaa anauza PSP Go iliyotumika na mimi nimeipenda kwa udogo wake. Ninunue au niache? – Msomaji, Muscat

JIBU: Waaleikum salaam. Kama unaipenda inunue, ila ikague vizuri kabla hujatoa hela. Fungua na ufunge kile kioo mara nyingi ikiwa imewaka, picha isikatike wala isicheze. Hakikisha unapewa waya wake kwa sababu ule tundu lake haliingii waya mwingine wowote na bila huo hutaichaji. Betri iko ndani na ina miaka mingi, ikiwa mpya ilikuwa inafika saa 3 mpaka 6 za kucheza kwa hiyo sasa tegemea pungufu, na kuibadilisha kunahitaji fundi anayejua kufungua vitu vya kuslaidi. Wifi yake haielewi usalama wa WPA2 ambao ruta nyingi za sasa zinautumia, usije ukadhani imeharibika ikigoma kuunganika. Kadi ya M2 ikiwemo dai ijumlishwe kwenye bei, siku hizi ni za kutafuta.

Na muulize muuzaji gemu zilizomo zilinunuliwa kwa akaunti ya nani. Kama ni yake, akiiondoa akaunti yake humo zinaondoka naye, kwa hiyo bei mpatane kama mnauziana mashine tupu.